Louis' Lunch na kula nje New Haven: maswali mnayoniuliza kila Agosti

Kila Agosti simu yangu hujaa ujumbe wa vijana waliofika New Haven, Connecticut, kuanza masomo Yale, Southern Connecticut na vyuo vingine vya hapa. Wengine wametoka Dar, wengine Nairobi, Kampala au Bujumbura, na karibu wote huuliza mambo yale yale kuhusu kula nje. Mengi yanahusu kijumba cha matofali mekundu kilichoko Crown Street, ambacho wenyeji humpeleka kila mgeni. Nimeishi mji huu mwaka wa kumi na moja sasa na mahali pale napapenda sana. Majibu yangu ni haya.

Louis' Lunch ni nini hasa?

Ni mgahawa mdogo wa hambaga, namba 261 Crown Street, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Yale. Ulianzishwa mwaka 1895 na Louis Lassen, mhamiaji kutoka Denmark aliyeanza na gari la kuuzia chakula cha mchana. Hadi leo uko mikononi mwa ukoo wa Lassen. Kizazi kimerithi jiko kutoka kizazi, na anayekupokea oda pale kaunta anaweza kabisa kuwa mtu wa ukoo wenyewe.

Usitegemee ukumbi mkubwa. Ndani ni padogo, dari iko chini, na meza na viti ni vya mbao nzito zilizokolea weusi kwa miaka mingi ya kuguswa na watu. Ukiwahi kula kwa mama lishe mwenye mabenchi mawili na foleni ya watu kumi, utajisikia nyumbani upesi kuliko mgeni aliyezoea hoteli za vitambaa mezani.

Ni kweli hambaga ya kwanza duniani ilitengenezwa hapo?

Ukoo wa Lassen wanasema hivyo, na mji mzima unasema nao. Simulizi yao ni kwamba mwaka 1900 mteja mmoja aliingia mbio akataka kitu cha kula huku anakwenda. Louis akachukua mabaki ya nyama ya steki aliyoyasaga, akayachoma, akayabana katikati ya slesi mbili za mkate, akamkabidhi. Dai hilo limo katika kumbukumbu za Maktaba ya Congress mjini Washington, chini ya mradi wa mwaka 2000 wa kuhifadhi urithi wa mitaa, kwa kupendekezwa na mbunge wa hapa, Rosa DeLauro.

Lakini ukienda Seymour, Wisconsin, watakwambia aliyeanza ni Charlie Nagreen, kijana aliyeuza nyama ya kusaga ndani ya mkate kwenye maonyesho ya kilimo mwaka 1885. Wengine wanawataja ndugu wawili wa ukoo wa Menches, na mwaka huo huo wa 1885, katika mji uitwao Hamburg jimboni New York. Texas nao wana mtu wao, Fletcher Davis wa Athens.

Mimi huwajibu vijana hivi: kuibana nyama ndani ya mkate ni jambo ambalo lingeweza kumjia mpishi yeyote mwenye mteja mwenye haraka, kwa hiyo sishangai kwamba madai ni mengi. Ninachokithamini pale Crown Street unaweza kukiona kwa macho yako. Namna ya kupika haijabadilika. Majiko wanayotumia ni ya chuma cha kusubu, yamesimama wima kama makabati membamba, na ni ya mwaka 1898. Kila siku yanawashwa, na kila siku yanafanya kazi.

Hayo majiko yanafanyaje kazi?

Simama karibu na kaunta utazame, usione aibu, kila mtu hutazama. Nyama husagwa pale pale kila siku, mchanganyiko wa sehemu tano tofauti za ng'ombe, na kila kinyunya huviringwa kwa mkono. Mpishi huvipanga kwenye waya zenye bawaba, zinazofunguka na kufungwa kama kitabu, kisha huzisukuma wima ndani ya jiko. Moto wa gesi unawaka huku na huku, kwa hiyo nyama inaiva pande zote mbili kwa wakati mmoja bila kugeuzwa, na mafuta yanachuruzika chini badala ya kubaki yanaichemsha. Ndiyo maana baga yao haina ule unyevu wa mafuta unaobaki vidoleni.

Pembeni mkate unaokwa kwenye mashine ya gesi ya mwaka 1929. Nimeona vijana wa uhandisi wakisahau kabisa chakula chao kwa kuitazama.

Mbona mkate ni tosti? Baga si huwa kwenye skonzi?

Skonzi ilikuja baadaye. Anayetajwa sana ni Walter Anderson, mmoja wa waanzilishi wa White Castle, mtandao wa migahawa ya hambaga ulioanza Wichita, Kansas, mwaka 1921. Louis Lassen alikuwa na mkate wa slesi, na wajukuu na vitukuu wake hawakuona sababu ya kubadili. Tosti ina faida yake pia: ni kavu, inashika nyama bila kulowa haraka, na haikupi mkate mwingi kuliko kitoweo.

Nikiomba tomato sosi je?

Hawatakupa. Hawana tomato sosi, hawana haradali, hawana mayonizi. Kuna jibini, nyanya na kitunguu, basi. Hawakudharau wala hawakufanyii ubishi. Hiyo ni kanuni ya nyumba, na sababu yao ni kwamba nyama iliyosagwa asubuhi ile ile inatakiwa ionjwe yenyewe.

Fikiria umeenda kwa bibi yako akakupikia samaki wa kupaka, ametwanga viungo mwenyewe, nazi amekuna mwenyewe, nawe unamwomba chupa ya sosi ya dukani. Pale ni vivyo hivyo. Nimesikia wageni wakinung'unika kuwa huo ni ukaidi. Mimi nauona kama uangalifu. Onja kwanza bila kitu.

Naagizaje bila kujikanyaga?

Unasubiri kwenye foleni, unafika kaunta, unasema unataka baga ngapi na kila moja na nini. Ukitaka vyote vitatu, yaani jibini, nyanya na kitunguu, sema "works". Wakizidiwa na wateja hawana nafasi ya maelezo marefu, kwa hiyo amua ukiwa bado kwenye foleni. Baga zenyewe si kubwa. Kijana mwenye njaa hula mbili.

Angalizo moja muhimu kwetu: Marekani ukisema "chips" utaletewa krispi za pakiti. Chipsi zetu za kukaanga zina jina jingine huku, "fries", na Louis' Lunch hawapiki kabisa. Wana krispi, saladi ya viazi na pai. Mimi naipenda saladi ya viazi kuliko krispi. Na ukikuta soda za Foxon Park popote mjini hapa, jaribu moja. Ni kiwanda cha familia pia, kipo East Haven tangu 1922. Ile wanayoiita "white birch" ina harufu ya mnanaa inayowashtua wengi wetu mara ya kwanza.

Nyama ililetwa nyekundu katikati. Ni salama?

Swali hili nalipata kuliko yote, na nalielewa. Sisi tumelelewa kwamba nyama yenye damu haijaiva. Huku wengi hupenda nyama iwe na wekundu katikati, na Louis' Lunch ndivyo wanavyopika usipowaambia vingine. Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri nyama ya ng'ombe ya kusaga ifikie nyuzi joto 71 za Selsiasi ndani, na kwa kiwango hicho wekundu kwa kawaida unakuwa umekwisha.

Kwa hiyo, ukiwa na wasiwasi, au ukiwa mjamzito, au una mtoto au mzee mezani, sema "well done" wakati wa kuagiza. Ni maneno mawili tu na hakuna atakayekucheka. Ukisahau na ikaja nyekundu, unaweza kuirudisha kwa heshima. Katika mgahawa mmoja wa mji huu, si huu ninaousimulia, mimi niliona haya kuirudisha mwaka wangu wa kwanza. Niliila yote na tumbo likanisumbua siku mbili. Msirudie kosa hilo.

Mimi ni Mwislamu. Nifanyeje?

Usichukulie kuwa nyama ni halali mpaka umeuliza, hapo na kwingine kote. Mgahawa wa kawaida wa Kimarekani hununua nyama sokoni bila kujali aina ya uchinjaji. Zaidi ya hapo, migahawa mingi hukaanga bekoni kwenye bamba lile lile la baga, hivyo hata ukiagiza mayai au samaki, uliza vinapikwa wapi. Wahudumu wamezoea maswali haya na hawakasiriki. Chuoni Yale kumbi za chakula huwa na chakula cha halali, na katikati ya mji kuna sehemu zinazoandika wazi kwamba zinauza halali. Rafiki zangu Waislamu hunisindikiza Crown Street, wakachukua soda na pai, tukakaa tukazungumza. Hilo nalo ni jema.

Sili nyama kabisa.

Basi huo si mgahawa wako, na sitakudanganya. Nenda kwenye pizza, soma chini.

Wanafungua saa ngapi?

Angalia siku yenyewe kabla hujatoka, kwa sababu mgahawa wa familia hufuata maisha ya familia. Kwa miaka mingi ukoo wa Lassen wamekuwa na desturi ya kufunga kwa likizo mwezi wa Agosti, mwezi ule ule mnaofika ninyi. Kila mwaka kuna kijana anayenitumia picha ya mlango uliofungwa. Vuta subira, watafungua.

Mji wa chuo una majira yake. Kuanzia mwisho wa Mei wanafunzi huondoka na mitaa hupungua watu, na wenye migahawa hupumzika au hubana matumizi. Mwisho wa Agosti watu hurudi kwa kishindo. Novemba, mwaka ambao mechi ya Yale na Harvard inachezwa hapa, usijaribu hata kutafuta meza.

Na jambo dogo lililomgharimu binamu yangu chakula cha jioni: ukipanga kukutana na Mwafrika Mashariki mwenzako, hakikisheni mnatumia saa gani. Nilimwambia "saa moja", yeye akiwa ameshazoea kuhesabu kwa saa za Kiingereza akaja saa saba mchana, akanisubiri, akaondoka amenuna.

Mbona bili inazidi bei iliyo kwenye menyu?

Kwa sababu bei ya menyu haina kodi. Connecticut hutoza asilimia 7.35 kwa chakula cha mgahawani. Kisha kuna bakshishi, ambayo nayo haimo.

Hiyo bakshishi ni lazima? Kiasi gani?

Hapa naomba msome taratibu, maana wengi wetu tumeonekana wabahili bila kujua.

Mgahawa ukiwa na mhudumu anayekuja mezani, anayekuletea maji na kurudi kuuliza kama kila kitu kiko sawa, utaratibu ni asilimia 15 hadi 20 ya gharama ya chakula. Sheria haikulazimishi, lakini mshahara wa mhudumu umepangwa kwa kuitegemea. Sheria ya shirikisho inaruhusu mwajiri amlipe mhudumu wa aina hiyo dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu 1991, mradi bakshishi zimfikishe kwenye kima cha chini. Connecticut ni afadhali, dola 6.38, lakini kima cha chini cha wafanyakazi wengine hapa mwaka 2025 kilikuwa dola 16.35. Pengo hilo mwajiri analijazia kwa bakshishi yako, na zisipotosha analazimika kuliziba mwenyewe. Ukiondoka bila kuacha kitu, dada aliyekuhudumia saa nzima anaona amefanya kazi ya bure, na atashangaa alikukosea nini.

Mfano: chakula dola 30. Kodi dola 2.21. Bakshishi ya asilimia 20, dola 6. Jumla dola 38.21. Ukilipa kwa kadi, mhudumu huirudisha na karatasi yenye mstari mtupu. Andika pale kiasi cha bakshishi, andika jumla mpya chini yake, weka sahihi. Ukiwa kundi kubwa, soma bili vizuri, kwani baadhi ya migahawa hujumlisha bakshishi moja kwa moja, usije ukalipa mara mbili.

Sehemu za kuagiza kaunta, kama Louis' Lunch, hakuna shinikizo hilo. Dola moja au mbili zinapokelewa kwa shukrani.

Bajeti yako ikiwa haitoshi bakshishi, kula kaunta. Hakuna fedheha. Mimi nilifanya hivyo miaka miwili.

Mwenzangu Mmarekani alinialika kula, kisha akalipa chake tu. Alinikosea?

Hakukosea. Kwetu anayealika ndiye anayelipa, na anayetoa pochi kwanza ndiye mwenye heshima. Huku, hasa kwa wanafunzi, "twende tukale" maana yake twende pamoja, kila mtu na fedha zake. Mhudumu akiuliza kama bili ni moja au mbalimbali, jibu bila kuona haya. Mtu akitaka kukulipia atasema wazi kwamba leo ni juu yake. Nawe siku ukitaka kumkirimu mtu kwa desturi yetu, mwambie kabla hamjaingia, la sivyo mtavutana mbele ya mhudumu.

Maji ni bure, na yatakuja na barafu tele hata Januari. Mwambie mhudumu asiweke barafu kama koo lako halitaki. Chakula kikibaki, omba boksi ukifunge. Hata matajiri hufanya hivyo.

Naweza kupata kazi ya kuhudumu huko nisaidie nyumbani?

Ukiwa na viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, hapana. Najua unachokifikiria, kwa sababu mimi pia nilikuwa na wadogo zangu wa kulipia ada, na najua kuna watakaokunong'oneza kwamba "mwenye mgahawa atakulipa mkononi". Usikubali. Mwanafunzi wa F-1 anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo, hadi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Nje ya chuo, mwaka wa kwanza wa masomo kwa kawaida haiwezekani, na baada ya hapo panahitajika kibali maalumu, kama cha mafunzo yanayohusiana na fani yako au cha dhiki kubwa ya kifedha. Kuosha vyombo jioni moja bila kibali kunaweza kukupotezea hadhi yako ya uanafunzi, na mwenye mgahawa naye anajiingiza matatani.

Njia halali ipo: kumbi za chakula za chuo chenyewe, maktaba, maabara. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa wiki ya kwanza kabisa, kabla nafasi hazijaisha. Mambo yakikubana, sema mapema. Kuna fedha za dharura ambazo hazitangazwi sana.

Jengo kweli lilihamishwa?

Lilihamishwa. Tangu 1917 mgahawa ulikuwa ndani ya jengo dogo la matofali lililowahi kuwa kiwanda cha ngozi. Miaka ya 1970 eneo lile likapangiwa ujenzi mpya, na jengo likatakiwa kubomolewa. Familia haikukubali. Mwaka 1975 kijumba kikabebwa kizima barabarani, kikasogezwa hadi Crown Street. Palihitajika kuta za nyongeza, na wateja kutoka sehemu mbalimbali za dunia wakatuma matofali ya kujengea. Ukifika, zitazame kuta hizo: matofali hayalingani rangi wala umbo.

Wazazi wangu wanakuja mahafali. Niwapeleke?

Wapeleke, ila si siku yenyewe ya mahafali, mwezi Mei, kwa sababu kila familia ina wazo hilo hilo. Nenda nao siku mbili kabla, mchana, foleni ikiwa fupi. Waelezee mapema kuhusu wekundu wa nyama ili mama asishtuke. Baba yangu mdogo alipokuja alikaa akala kimya, akatazama yale majiko, kisha akaniuliza nani anayatengeneza yanapoharibika. Tulizungumza hilo njia nzima ya kurudi, yeye akinieleza cherehani ya marehemu babu, ambayo bado inashona.

Na kama sitaki baga?

New Haven inajulikana zaidi kwa pizza, ambayo wazee wa Kiitaliano wa hapa huiita "apizza", wakitamka kama "abiits". Frank Pepe alifungua mahali pake Wooster Street mwaka 1925. Mwaka 1938 mpwa wake akafungua Sally's mtaa huo huo. Modern ilianza 1934, State Street. Zote huoka kwenye matanuri yenye moto mkali, na mkate wake huungua kidogo pembeni. Usiirudishe, ndivyo inavyotakiwa. Asiyekula nyama aombe ya nyanya tupu. Ukiitaka na jibini juu yake itabidi uitaje, kwani kwa lugha yao pizza "plain" haina jibini la mozzarella.

Meza za Louis' Lunch zimechongwa majina ya watu. Naweza kuchonga langu?

Uliza kwanza, na ukikatazwa, acha. Lakini soma yaliyopo. Kaa kwenye kiti cha pembeni, pitisha kidole juu ya mbao, utahisi herufi juu ya herufi, nyingine zimelainika kiasi kwamba macho hayazioni tena. Mchana mmoja wa Oktoba nilimkuta mzee mmoja ameinama na tochi ya simu, anatafuta herufi zake mbili. Mkewe alikuwa amesimama na baga zao mkononi, zinapoa, hasemi kitu. Alizipata chini ya ukingo wa meza, karibu na ukuta. Tukasogea, tukawapisha wakae.